Mzunguko Mmoja na Nusu

Meshaki alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba hapa Nkoaranga, nimekamata tawi la mti wa kahawa kwa mkono mmoja. Meshaki ni mdogo wake Lomayani na si mtu wa kupiga simu bila jambo, kwa hiyo nilijua kabla hajasema. Tangu figo zianze kumsumbua Lomayani nilikuwa nimekwenda kumwona mara mbili tu, na mara ya pili alikuwa amelala ameelekea ukutani, akaniita "bingwa" bila kugeuka. Meshaki alinipa habari, akaniacha nilie kidogo, kisha akaleta shida yake. Mazishi ni Ijumaa, wasifu wa marehemu unaandikwa, na pale nyumbani hakuna anayejua vizuri mambo ya baiskeli. "Tumeandika hivi, kaka, nisikilize," akasema, akasoma polepole kama mtu anayesoma maandishi ya mwenzake: "Katika ujana wake marehemu alishiriki mbio za baiskeli, lakini aliacha baada ya kushindwa na mwenzake katika majaribio." Akaongeza, "Hapo ndipo tumekwama. Tuandikie mistari mitatu minne ya kuongezea. Huyo mwenzake si ni wewe?" Nikasema ni mimi. Nikamwambia nitaiandika, nikarudi kuchuma kahawa, na kwa saa nzima nilichuma mbivu na mbichi pamoja.

Tatizo la sentensi ile ni kwamba ni ya uongo, na mtu pekee duniani aliyelijua hilo alikuwa mimi. Nimeijua miaka yote hii kama mtu anavyolijua jino bovu: unatafunia upande wa pili, maisha yanaendelea. Sasa uongo ulikuwa unakwenda kusomwa ibadani mbele ya jeneza, na kalamu ya kuurekebisha ilikuwa imewekwa mkononi mwangu na watu wasiojua wanachoniomba. Nilikaa na karatasi siku mbili. Mistari minne ilinishinda, kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta nimerudi kwenye kile chumba changu cha mtaa wa Sakina, na chumba kile hakiingii kwenye mistari minne.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mfupa wa bega uliovunjika. Nilianguka kwenye kokoto tukitoka Kisongo, mimi na Lomayani tukishindana upumbavu, na daktari akanipiga marufuku barabara kwa miezi minne. Chumba kilikuwa chini kidogo ya barabara ya Nairobi, kimoja kati ya vinne vilivyopangana mbele ya ua wenye bomba moja. Mbele yetu kulikuwa na mafundi wa bodi za mabasi ambao walianza kugonga mabati saa mbili asubuhi na kuacha jua likizama, na nilipozoea kelele zao ndipo nilipogundua kuwa Jumapili, zinapokosekana, chumba kinakuwa kikubwa kupita kiasi. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, beseni, na katikati ya sakafu baiskeli yangu imefungwa kwenye kile tulichokiita trena. Ni chuma cha miguu minne kinachoinua gurudumu la nyuma na kulikandamizia rola ndogo. Unakanyaga, gurudumu linazungusha rola, rola inakukatalia, na jasho linadondoka palepale ulipoanzia. Mgeni mmoja aliyekuja mjini kwa kazi ya kujitolea alituachia alipoondoka. Ilikaa kwangu kwa sababu sakafu yangu ilikuwa ya saruji iliyonyooka, na kwa sababu Lomayani, mwenye mabega mawili mazima, hakuihitaji. Ili nifike kitandani ilinibidi nipite ubavu ubavu.

Watu husema upweke ni kukosa watu. Mimi nilikuwa na watu tele nje ya mlango, na nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa, na kuliko nilivyo sasa ambapo naishi na mbuzi wawili. Asubuhi nilisalimiana na mafundi, jioni nilisalimiana na Mama Penieli wa chumba cha pili, na kati ya salamu hizo mbili kinywa changu hakikuwa na kazi ila kuhema. Lomayani alipita kila Jumamosi baada ya mazoezi ya barabarani, vumbi hadi kwenye nyusi, akikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kunisimulia kila kilima alichopanda. Tulikuwa tumeendesha pamoja miaka mitano. Kwenye tambarare tulikuwa sawasawa, lakini barabara ilipoinuka nilikuwa nauona mgongo wake, na mgongo wake ukawa mdogo, na baadaye nikawa siuoni. Sikuwahi kumpita mlimani hata mara moja. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani sikujua mimi ni nani na yeye ni nani.

Mwaka huohuo kocha wa timu moja ndogo ya Ulaya alikuwa akitafuta kijana mmoja wa Arusha wa kumpeleka kambini miezi mitatu. Mmoja tu. Alitufahamu sisi wawili kupitia yule mgeni, akawa anatutumia ratiba za mazoezi kwa barua pepe: dakika tano za nguvu, dakika tatu za kupumzika, rudia. Nguvu yenyewe ilihesabiwa kwa wati. Wenye nazo hufunga kipimo halisi kwenye mkono wa pedali, kinachosikia mguu wenyewe unavyosukuma. Sisi tulikuwa na makadirio. Kidude kidogo kwenye gurudumu kilihesabu mizunguko, kompyuta yangu kuukuu ikajua kasi, na kwa kuwa programu ilijua trena yetu ni ya aina gani, ikakisia: kufikisha kasi hii kwenye trena ya namna hii, huyu lazima anasukuma wati kadhaa. Hesabu nzuri kabisa, mradi trena imefungwa kama kitabu kinavyotaka. Kitabu kilitaka tairi lijazwe upepo kwa kipimo kilekile kila siku, na rola iguse tairi kisha ikazwe kwa kuzungusha kishikio mizunguko miwili kamili. Nilikuwa nimeiandika hiyo "miwili" kwa chaki ukutani, juu ya jiko.

Mama Penieli alikuwa mzee wa jumuiya yake ya Kilutheri, na Jumatano jioni ibada ya nyumba kwa nyumba kwa miezi ile ilifanyika chumbani kwake. Ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilizisikia nyimbo, maombi, na mazungumzo ya chai baadaye, na wao walilisikia gurudumu langu. Mlio wa tairi kwenye rola si mdogo; ni kama mashine ya kusaga iliyofungiwa chooni. Jumatano moja nilisimama kunywa maji na nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Huyu kijana anaendesha saa nzima na hafiki."

"Ni dawa ya bega," akasema Mama Penieli. "Ameagizwa."

"Dawa gani inanguruma? Pendo alikuwa anaomba, mimi nikasikia 'amina' tu."

"Tumwombee," akasema mzee mmoja, na kwa kweli waliniombea, kwa jina, nipone bega na nitulie. Nilicheka peke yangu hadi machozi yakanitoka, na yalipotoka hayakuwa yote ya kicheko, maana ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kusikia mtu akilitamka jina langu.

Ratiba ya kocha haikuruhusu kuhamisha mazoezi ya Jumatano, na mimi si mtu wa kugombana na waombaji. Nikafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya. Nililegeza rola. Mzunguko mmoja na nusu, polepole, hadi mlio ukashuka ukawa mnong'ono, na upande wa pili nyimbo zikasikika hadi ubeti wa mwisho. Siku iliyofuata Mama Penieli aliniletea makande kwenye bakuli lenye kifuniko. "Mungu akubariki, baba," akasema. "Jana tumemaliza vizuri." Kuanzia hapo Jumatano nililegeza, na kwa kuwa kukaza na kulegeza kulinichosha, siku nyingine niliacha hivyohivyo. Sikufikiria kwamba rola isiyolikandamiza tairi inaliacha likimbie bure, kwamba kasi inapanda bila mguu kuongeza kitu, na kwamba kompyuta, isiyojua habari za jumuiya wala makande, inaandika nguvu ambayo haipo. Niliona namba tu. Nilianza mwaka kwenye mia mbili sitini na mbili. Kabla ya Pasaka nilikuwa naona mia mbili tisini, na nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini, kwamba upweke ule ulikuwa umenijenga.

Kisha kocha akaandika kwamba amechoka kuchagua kwa maneno. Kila mmoja afanye jaribio la dakika ishirini kwenye trena ileile, matokeo yamfikie kabla ya Alhamisi. Lomayani alikuja Jumamosi. Alikuwa mtu wa kufuata maagizo, alijaza tairi mwenyewe, akalegeza rola yote, akaigusisha upya, akaisoma ile chaki ukutani na kuhesabu kwa sauti, "Moja. Mbili." Akaendesha dakika ishirini huku mate yakimning'inia. Mia mbili themanini na moja. Alishuka akalala sakafuni, akauliza, "Nyingi?" Nikamwambia ni nyingi, na nilimaanisha. Mimi niliendesha Jumatano jioni. Upande wa pili wameshaanza kuimba, mkono wangu ukaenda kwenye kishikio kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa, mzunguko mmoja na nusu, nikapanda. Mia tatu na nne. Nilituma namba zote mbili jioni ileile. Naapa sikujua. Na hata sasa ninapoapa najishangaa kwamba mtu aliyeutazama mgongo ule miaka mitano hakujiuliza swali hata moja.

Nilijua wiki tatu baadaye. Barua ya kocha ya kunichagua ilikuwa imefika, mafundi wa mabasi walikuwa wameshanipa mkono wote, na jumuiya ilikuwa imehamia nyumba nyingine kwa zamu. Hakukuwa na wa kumsumbua, kwa hiyo nikakaza rola kama kitabu kinavyosema na kuanza mazoezi. Maumivu yalikuwa yaleyale, pumzi ileile, na namba ilikuwa mia mbili hamsini na tisa. Nilidhani ni tairi. Nikapima upepo, uko sawa. Nikalegeza mzunguko mmoja na nusu, namba ikaruka. Nikakaza, ikaanguka. Nililegeza na kukaza mara sita, kama mtoto anayefungua na kufunga mlango, kisha nikakaa kwenye ndoo ya Lomayani. Mafundi walikuwa wakigonga nje. Nilijua kila kitu: kwamba nafasi ni yake, kwamba kosa ni la heshima tu na si la hila, na kwamba siku nikinyamaza litakuwa hila. Nilikuwa na muda wa kuandika barua. Niliiandika. Ilikaa kwenye kompyuta haijatumwa, nikiifungua kila asubuhi na kurekebisha koma.

Siku nne kabla ya safari Lomayani alikuja na glovu zake za baridi, nzuri, alizopewa na yule mgeni, akaniwekea kitandani. "Huko kuna theluji," akasema. "Mimi za nini?"

"Utazitumia. Mwakani watachukua mwingine."

"Hapana, naacha." Alilisema kwa upole, kama mtu anayeeleza kwamba mvua imekatika. "Unajua, Anaeli, barabarani nilikuwa najidanganya. Barabarani kuna upepo, kuna kujua njia, kuna siku wewe hujala vizuri. Nilidhani nakuacha mlimani kwa sababu nina nguvu. Kumbe ni ujanja ujanja tu. Mashine haina ndugu, imetupima wote, imesema."

"Ni makadirio," nikasema. "Inakisia."

"Imekisia wote wawili."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Neno moja lingetosha. Nisingehitaji hata kusimama, kishikio kilikuwa karibu na goti lake. Nilizungumza kuhusu visa. Nilisema foleni ilikuwa ndefu na picha zilikataliwa mara ya kwanza, na yeye akasikiliza kwa makini kana kwamba kuna siku habari hizo zitamfaa. Alipoondoka nilizijaribu glovu. Zilinitosha, na nilichukia kwamba zilinitosha.

Kuhusu kambi sina mengi. Walifunga kipimo halisi kwenye baiskeli siku ya pili, na asubuhi hiyohiyo kocha alijua. Mia mbili hamsini na tano. Aliitazama namba, akanitazama, akauliza ile ya Arusha ilitoka wapi. Nikasema trena. Akasema, "Makadirio," akainua mabega, na hakulizungumzia tena; alikuwa mtu muungwana, na uungwana wake uliniumiza kuliko matusi. Kwa miezi mitatu niliendesha nyuma ya gari la vifaa nikitazama taa zake. Nilikuwa na chumba changu peke yangu, chenye joto, shuka nyeupe, na dirisha linalotazama maegesho. Mezani waliongea lugha yao, nikacheka walipocheka. Niliporudi nilisema baridi ilinikaa kifuani, na watu wa Sakina wakanipa pole. Lomayani alikuwa ameshauza baiskeli yake kwa muuza maziwa na kujifunza kuchomelea kwa wale mafundi wa mabasi. Alikuja kunipokea na mikono yenye madoa ya moto, akanikumbatia, akaniita bingwa. Hakuwahi kuacha kuniita hivyo. Alioa, akajenga, akawa fundi mzuri, na kila Krismasi alinipigia kuuliza kama bado naendesha. Siwezi kusema aliishi maisha mabaya. Ninachosema ni kwamba aliishi akiamini jambo kuhusu miguu yake ambalo mimi nililiweka pale, na miaka yote hiyo nilikuwa na namba yake ya simu.

Alhamisi asubuhi nilimtumia Meshaki mistari. Haikuwa minne, ilikuwa kumi na mmoja. Niliandika kwamba Lomayani hakushindwa. Kwamba mashine ilikuwa imelegezwa siku ya mwenzake. Kwamba mwenzake alijua kabla ya kusafiri na akanyamaza. Na kwamba kati ya wote niliowahi kuwaona wakipanda kutoka Ngaramtoni, hakuna aliyepanda kama yeye. Nikaweka jina langu. Niliona nimefanya jambo kubwa. Usiku nililala vizuri, na Ijumaa nikavaa suti nikashuka hadi nyumbani kwao Elerai nikiwa na hofu, lakini pia, nikiri, na kitu kinachofanana na fahari.

Mchungaji alikuwa na mazishi mengine saa tisa. Wazee walikuwa wamekubaliana wasifu usizidi ukurasa mmoja, na mtu aliyepunguza alipunguza bila kusoma sana, kama inavyokuwa msibani, watu hawajalala siku tatu. Meshaki alisimama na karatasi, akasoma kuzaliwa, shule, kipaimara, ndoa, ugonjwa. Kwenye ujana akasoma, "Marehemu alipenda michezo," akaendelea na ndoa. Nilisubiri sentensi inayofuata, na ikapita. Tulikwenda kaburini, pale pale shambani nyuma ya nyumba, tukatupa udongo, wajukuu wa jirani wakaweka maua, ikaisha.

Ningeweza kurudi nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeshaandika; si kosa langu hawakusoma. Nilishafika getini na hoja hiyo. Lakini Mama Lomayani, mama yake mzazi, alikuwa ameketi kwenye baraza peke yake kwa mara ya kwanza siku hiyo, wanawake wamekwenda kupakua chakula, na nikajua kwamba nikitoka lile geti sitarudi tena. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi mbele yake. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umekuja, Anaeli." Nikampa pole, akaipokea. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote kwa Kiswahili chepesi, maana yeye huwaza kwa Kimaasai: rola, kishikio, waombaji, namba yangu na namba yake, glovu. Nilimwambia Lomayani alikuwa na nguvu kuliko mimi siku zote, na kwamba nafasi ile ilikuwa yake. Aliniacha nimalize. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na nilikuwa nimejiandaa, Mungu anisamehe, kwa msamaha.

"Yeye hakutaka kuacha," akasema.

Sikuelewa. Akaiweka mikono yake magotini, akaitazama.

"Alikuja na ile karatasi ya namba, akaniambia, yeyo, mama yangu, najua miguu yangu, hii namba siielewi, nataka nimwombe Anaeli tupime tena. Mimi nikamkataza. Nikamwambia mtu akishindwa akubali, usimtie mwenzako aibu, rafiki yako ameumia bega ameshinda, mwache aende. Nikamwambia baiskeli uza." Akaigeuza mikono viganja juu. "Alilia. Mtu mzima. Mimi nikamwambia, umepimwa."

Miaka yote nilidhani nimebeba mzigo ule peke yangu, na sasa nilikuwa nimeutua, siku ya kumzika mwanawe, kwenye mapaja ya mwanamke wa miaka sabini ambaye asubuhi ile hakuwa nao. Nilitaka kuurudisha. Nilisema, "Mama, si wewe," na akainua kiganja kidogo tu, ninyamaze.

Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanitazama kama mama anavyomtazama mgeni aliyetoka mbali, na akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akamwita msichana mmoja kwa sauti ya kawaida, akaagiza niletewe sahani, na ilipokuja aliniongezea nyama kwa mkono wake mwenyewe. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikula chote, peke yangu kwenye benchi, kwa sababu sikuwa na haki ya kukibakiza.